Amla ya Bi Kusum na Vinu Viwili

Wadogo zangu Nassor na Zuwena, nimestaafu. Mnacheka, najua. Mtu wa miaka kumi na minane anastaafu nini? Lakini nimefanya kazi moja kila Jumamosi ya msimu wa amla kwa miaka mitano, vidole vyangu vimekunjamana kabla ya uso, na wiki ijayo napanda treni kwenda chuo. Kazi ya kukamua amla kwa Bi Kusum naiacha kwenu. Bi Kusum keshakubali. Mama keshakubali. Nyie hamkuulizwa, na miye pia sikuulizwa.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Daftari langu limekuwa la Kiswahili tangu tulipofika London kutoka Wete, kwa sababu shuleni hakuna aliyeweza kuchungulia akaelewa. Najua mtanijibu kwa Kiingereza. Jibuni mtakavyo, lakini someni mpaka mwisho, maana Bi Kusum hakamui kwa Kiingereza. Akishika amla hurudi Unguja, na ukimjibu "okei" anakwambia, "Okei ni kitu gani? Sema naam."

Basi, tunda lenyewe. Amla ni dogo kama ndimu changa, kijani kilichofifia, na lina mistari sita kutoka kichwani mpaka chini. Mkiingia dukani Kingsbury Road msichukue ya juu ya sanduku. Ya juu imeshikwa na kila bibi aliyepita. Ingizeni mkono katikati. Ichukueni ile nzito, yenye ngozi inayopitisha mwanga kidogo ukiielekeza kwenye taa. Yenye doa la kahawia iacheni, hata muuzaji akiapa. Nyumbani ikateni kwa kufuata ile mistari sita, vipande vitaachana vyenyewe na kokwa litabaki mkononi. Miye mwezi mzima wa kwanza nilikata kama kitunguu, Bi Kusum ananitazama tu. Siku nilipogundua mistari akasema, "Alhamdulillahi, mtoto kafunguka macho." Yeye ni Mhindu wa kwenda hekalu la Neasden, lakini alhamdulillahi yake ni ya Mji Mkongwe, haijamtoka.

Kwa nini mimi? Kwa sababu Mama alikuwa akienda Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji. Siku zile karatasi zetu zilikuwa hazijakamilika, na kila akiitwa kule hurudi jioni, amechoka hata viatu havui. Bi Kusum alikaa fleti ya chini yetu. Alimsikia Mama akinigombeza ngazini kwa Kiswahili, akafungua mlango akasema, "Mwache huyo hapa, miye nipo." Nikaachwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa sisemi. Si bubu, sisemi tu. Mwalimu akiita jina langu nilijibu hata mimi mwenyewe sijisikii. Bi Kusum hakunilazimisha. Alinipa kisu na bakuli, akaongea yeye. Alinieleza duka la vitambaa la baba yake, na jinsi walivyolifunga baada ya Mapinduzi yeye akiwa msichana wa miaka kumi na saba, na jinsi mama yake alivyosahau kuzima jiko. Mpaka leo anajiuliza kama kile chungu kiliungua.

Miye nilirudi juu nikaandika. Kila Jumamosi niliandika juisi ya siku ile, kwa kuwa ndilo jambo pekee lililonitokea wiki nzima. Nawanakilia moja ya mwaka wa kwanza:

"Amla kilo mbili. Tangawizi kidole kimoja na nusu. Chumvi nyeusi nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba iliyokaangwa. Ukakasi umeanza nyuma ya meno ya mbele, ukaingia mashavuni, ukamalizia kooni. Maji matamu mpaka glasi ya pili. Bi Kusum kasema: hii ndiyo."

Na nyingine:

"Ukakasi moja kwa moja kooni kama mtu kakukaba. Maji yana ladha ya bati. Bi Kusum kasema: hii tuwape maadui."

Hayo maji ndiyo siri ya kazi, yashikeni. Amla ni chachu, ina uchungu, na ina ukakasi unaokunja kinywa chote. Lakini ukishaimeza, ukanywa maji matupu juu yake, maji yanakuwa matamu. Maji ya bomba. Ya London, haya haya yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Juisi nzuri haijulikani kwa utamu wake, inajulikana kwa utamu wa maji yanayofuata. Kwa hiyo hamwezi kuionja kwa ncha ya ulimi mkatema. Sharti mmeze, msubiri, mnywe maji. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililotutia taabuni.

Kila mwaka, baridi ikianza, watu wa Unguja na Pemba wa upande wetu wa London hukodi ukumbi wakakutana. Wahindu na Waislamu, waliotoka zamani na sisi tuliokuja juzi. Hula pamoja, hugombana ni mtaa upi ulikuwa na halua nzuri, hurudi makwao. Na kila mwaka jambo la kwanza kuingia kinywani ni amla ya Bi Kusum. Ameifanya tangu kabla Mama hajaolewa. Mkwewe Hina, mke wa mwanawe, alikuwa akimwambia kila mwaka, "Mummy, pumzika, dukani zipo chupa tayari." Si kwa ubaya. Hina ni mtu mwema. Lakini Bi Kusum alikuwa akisikia neno "pumzika" kama mtu anayefungiwa duka mara ya pili.

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mitano, Bi Kusum aliugua homa kali karibu na likizo ya Pasaka. Akapona. Majira ya amla yalipoanza tukakaa jikoni kama kawaida. Nikakamua, nikammiminia kikombe, na glasi ya maji kando. Akanywa, akacheka, akasema, "Ah, maji matamu!"

Alikuwa amekunywa maji tu. Kikombe cha amla kilikuwa bado kimejaa.

Nilikitazama kikombe, naye akanitazama nikikitazama. Akakiweka chini polepole.

"Tangu ile homa," akasema. "Pilipili, sukari, chumvi, vyote kama maji ya moto. Daktari anasema labda itarudi, labda hairudi. Usimwambie Hina."

"Naam," nikasema.

"Usimwambie hata mama yako."

"Naam."

"Tutakamua ya ukumbini, wewe utaonja. Ikiwa nzuri, nzuri. Watu wakikunja nyuso mwaka huu, basi, chupa za Hina ziingie, na miye nakaa kitini mpaka nife."

Nikakubali. Sikufikiria kalenda. Mwaka ule Diwali na Ramadhani ziliingiana, na mkutano ukapangwa Jumamosi ya mfungo, ili watu wafuturu pamoja. Yaani siku ambayo ulimi mmoja tu ulihitajika London nzima, ulimi huo ulikuwa umefunga.

Ijumaa usiku nilimuuliza Mama kwa kuzunguka, kama mtu aliyefunga anaweza kuonja. Mama anafanya kazi ya kutunza wazee, alikuwa anapiga pasi sare yake.

"Mchuzi? Unaweka tone kwenye ncha ya ulimi, unatema. Wapishi wote wanafanya."

"Na ikiwa lazima umeze?"

"Ukimeza si umekula! Kwani unapika nini weye?"

"Hakuna."

Jumamosi asubuhi nikashuka kwa Bi Kusum nikamweleza. Alikwaruza meza kwa ukucha. "Basi tutakamua kwa macho," akasema. "Mama yangu alikuwa na macho."

Tulikuwa na kilo nane. Tulianza na blenda, na hapa naungama kosa langu la kwanza. Nilikuwa na haraka, nikaacha kokwa moja ndani. Blenda ikapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Kilo moja tu ndiyo ilikuwa imepita.

"Nenda kwenu," akasema Bi Kusum. "Kalete kinu."

Sasa, kwetu kuna vinu viwili, mnavijua. Kuna kile kidogo cha chuma cha kutwangia bizari, kinakaa juu ya friji. Na kuna kile kikubwa cha mti alichokileta Mama kutoka Wete amekifunga kanga mbili kama mtoto, kinakaa chini ya kitanda na viatu vimejazwa ndani. Nikachukua cha chuma. Kilikuwa karibu. Nikakishusha chini mbio, nikatwanga kilo tatu kwa nguvu zangu zote, najisifu moyoni. Bi Kusum alikuwa sebuleni akikaanga bizari kwenye jiko lake dogo la umeme, maana jikoni kulikuwa kumejaa moshi. Aliporudi, juisi kwenye bakuli ilikuwa inageuka. Kijivu. Kisha zambarau. Kisha nyeusi, nyeusi ya wino.

"Kinu gani hicho?"

Nikakinyanyua.

"Cha chuma! Mwanangu, amla na chuma! Mama yangu akitaka kupaka nywele rangi ndiyo alikuwa akiiloweka kwenye karai la chuma. Hii si ya kunywa. Hii ni ya kichwa."

Shikeni hapo. Kisu kisichoshika kutu, bakuli la kioo au udongo, kamwe chuma kitupu. Nilijifunza kwa kilo tatu.

Bi Kusum akakaa. Alikuwa hajawahi kukaa wakati wa kazi. Akafuta mikono kwa upindo wa sari, akasema kwa sauti ndogo, "Mpigie Hina. Mwambie alete chupa zake. Namba ipo hapo ukutani."

Watu hunisifu kwa kilichofuata. Mama husimulia kwamba nilikataa kumwacha mzee ashindwe. Nyie nawaambia ukweli, maana daftari haliongopi: niliogopa simu. Nilisimama mbele ya simu nimeinua mkono, nikawaza Hina atapokea, itabidi niseme "hallo", atauliza kuna nini, itabidi nieleze. Sikuweza. Nikashusha mkono, nikatoka, nikapanda ngazi. Kumwaga viatu chini ya kitanda kulikuwa rahisi zaidi kuliko kusema hallo.

Nilikiosha kinu cha mti kwa maji ya moto na ndimu mara tatu. Nilikuwa nakishusha ngazini, nakiburura huku nakizuia kwa tumbo, Mama akaingia kutoka zamu ya usiku.

"Hicho kinu kinakwenda wapi?"

"Kwa Bi Kusum."

"Kufanya nini?"

Nikaanza kulia. Basi Mama akashika upande mmoja, tukashuka wote. Kichwani alikuwa bado na kofia ya baridi, na mkononi mfuko wa kazini. Alipoliona bakuli jeusi na blenda iliyoungua hakuuliza. Alivua koti, akarudi juu akaleta michi miwili na kile kifumbu cha kukamulia tui.

Tukakunja blanketi chini ya kinu ili mtu wa kaunsili inayotupangisha asije kutugongea, tukatwanga kwa zamu, mchi wangu ukishuka wake unapanda. Kilo nne zilizobaki. Amla iliyotwangwa haifanyi povu kama ya blenda. Inatoka tulivu. Tukaitia kwenye kifumbu, Mama akakipinda kama anakamua nazi ya kwanza, na juisi ikashuka kijani safi, kijani cha jani la mgomba linapopigwa na jua.

"Haya," Mama akasema akipumua. "Bi Kusum, onja sasa. Sisi tumefunga."

Friji ikanguruma. Nilitazama sakafu.

"Siwezi kuonja, Mama Raya," akasema Bi Kusum. "Sina ladha tangu mwezi wa tatu. Mtoto anajua."

Mama alinitazama, akamtazama yeye. "Na mmekaa nalo nyie wawili tu?"

"Wawili tu."

"Khaa! Kweli mmekutana!"

Ndipo jambo likanijia, na kwa mara ya kwanza jikoni mle nilisema kabla sijaulizwa. Ukakasi si ladha. Uchachu na uchungu unaviona kwa ulimi, lakini ukakasi ni kubana, ni ngozi ya kinywa inavutwa. Mtu anaweza kukosa ladha akausikia ukakasi, kama anavyosikia joto la chai. Nilikimbia juu nikaleta daftari.

"Bi Kusum, kunywa kidogo. Usiniambie ladha. Niambie inabana wapi."

Akanywa, akafumba macho. "Kooni."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Kama mtu kanikaba."

Nikafungua ukurasa wa maadui. Chini yake nilikuwa nimeandika tulivyoirekebisha siku ile: iachwe nusu saa itulie, machicha yashuke, imiminwe ya juu tu, iongezwe maji vikombe viwili. Tukafanya hivyo. Nusu saa ile Mama alilala ameketi, mkono juu ya mchi. Tukamimina.

"Wapi sasa?"

"Mbele. Nyuma ya meno." Akasubiri. "Mashavuni." Akasubiri tena, na uso wake ukaanza kufunguka. "Ngoja, ngoja... kooni. Mwisho kabisa, kidogo tu."

Nikamsomea ukurasa wa "hii ndiyo", neno kwa neno. Aliitikia kila neno kwa kichwa, kama mtu anayesikia jina lake likisomwa mahali alipodhani limesahauliwa. Tangawizi, chumvi nyeusi na bizari tuliweka kwa hesabu ya daftari, bila kuonja. Mama akasema, "Ikiharibika, sote watatu tunahamia mji mwingine."

Magharibi ya London mwezi ule huingia saa kumi na nusu. Ukumbini watu zaidi ya sitini walikaa na tende mkononi. Hina alitupeleka kwa gari, na kwenye buti zilikuwemo chupa zake, kwa tahadhari tu. Bi Kusum alikuwa ameshikilia mkoba kama mtu aliyemo kituoni anasubiri treni. Bwana Hemed, fundi cherehani mstaafu anayemtania kila mwaka, alinyanyua kikombe akakitazama kwenye taa.

"Kusum, mwaka huu mbona ya kijani hivi? Umetutilia majani ya bustani ya kaunsili?"

"Kunywa halafu useme."

Kijana mmoja akaadhini. Watu wakala tende, wakanywa amla. Sitini na kitu wakakunja nyuso kwa pamoja, nikadhani tumeharibu, mpaka nikakumbuka kwamba huo ndio uso wake siku zote. Bado maji. Jagi zilikuwa mezani, maji ya bomba la ukumbini. Nilimwona Bwana Hemed anamimina. Akanywa, akaishika glasi mbali kidogo, akanywa tena.

"Nani katia sukari kwenye maji?"

"Hakuna aliyetia," mwengine akajibu.

"Kusum! Maji haya matamu! Matamu kuliko ya mwaka jana, matamu kuliko ya kisima chetu!"

Basi ukumbi ukaanza kugonga meza. Watoto wakagombania jagi. Na miye nilifuturu kwa amla ile ile, nikausikia ukakasi ukipita mbele, mashavuni, kooni, kama ulivyoandikwa, na yale maji yalipokuja yalikuwa matamu mpaka glasi ya tatu. Ya pili ndiyo ilikuwa rekodi yetu.

Bi Kusum akasimama. Sikujua atafanya nini. "Mimi sina ladha," akasema, kwa Kiswahili, mbele ya wote, na Hina akiwa pale pale. "Tangu mwezi wa tatu. Amla hii nimeitengeneza miye na Mama Raya na mtoto huyu na daftari lake. Raya, simama."

Nilisimama. Hina alikuja akamkumbatia mkwewe, akamwuliza kwa nini hakumwambia, wakalia kidogo wote wawili. Kisha Hina akaja kwangu akaniuliza kama Jumamosi ijayo anaweza kuja kutwanga. Zile chupa zilirudi nyumbani ndani ya buti, zikanyweka kwa miezi mingi zikitiwa maji mengi.

Ladha ya Bi Kusum imerudi nusu. Anasema sukari anaipata, chumvi bado. Kwa hiyo mtakapoanza Jumamosi, muulizeni inabana wapi, msimuulize ikoje. Blenda ile hatukununua nyingine. Kinu cha mti kipo kwake sasa, chini ya sinki, na viatu vyenu msithubutu kuviweka humo.

Daftari ni hili. Ile juisi nyeusi Bi Kusum hakuimwaga. Nusu alipaka nywele, zikang'aa Diwali nzima. Nusu alinipa kwenye chupa ndogo, akasema, "Wewe mwandishi, kosa lako hilo, lifanyie kazi." Jina langu kwenye jalada nililiandika kwa wino huo. Chini yake nimeacha nafasi ya majina mawili, na chupa haijaisha. Miaka mitatu imepita na halijafifia hata herufi moja.